Zile kambi za Ujerumani Wamarekani walizikuta, hawakuzijenga

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana kuna jambo limenikaa kooni wiki ya pili sasa. Gazeti lenu huku Mwanga ya Kigoma lilikuwa linafika kesho yake, basi likiharibika njiani keshokutwa, ila siku hizi vijana wanalirusha kwenye grupu letu la wastaafu kwa hiyo tunasoma asubuhi sawa na nyie wa Dar, na ndo nikakutana na ile makala ya majeshi ya kigeni, pale mwandishi wenu aliposema Wamarekani walivyoingia Ujerumani 1945 walijenga makambi nchi nzima na walivyoondoka wakaacha magofu. Kwenye kujenga kakosea. Kwenye magofu kakosea zaidi. Naandika kwa simu na macho ndo haya ya uzee, mkiona herufi zimerukana mnivumilie.

Mtasema huyu karani mstaafu wa reli yuko Kigoma anakula migebuka yake, kambi za Ujerumani kazijulia wapi. Nina mpwa wangu, mtoto wa dada yangu tumbo moja, yuko Mannheim anasomea uuguzi mwaka wa pili. Alipopata chumba akanitumia picha za mtaa wake, majumba ya ghorofa tatu tatu yamepangwa mistari kama yanasubiri kukaguliwa, majani katikati, barabara pana utadhani wanapitisha vifaru. Nikamuuliza we mtoto, mtaa gani wa Ujerumani unaitwa Franklin? Akasema mjomba hata mimi nimeshangaa, wenyeji wanasema zamani walikaa Ami. Ami ndo Mmarekani huyo, Wajerumani wamemkata jina. Basi kuanzia siku hiyo usingizi wangu wa mchana ukaisha, nanunua bando nasoma, yeye akitoka zamu namuuliza, akisafiri namwambia pita getini unipigie picha, dada yangu mpaka analalamika namsumbua mtoto wa watu na masomo.

Sasa nani kajenga. Baada ya vita ya kwanza Wajerumani walibanwa na mkataba wa Versailles, jeshi lao lisizidi watu 100,000. Hitler alivyoshika nchi akautupa huko, Machi 1935 akatangaza vijana kwenda jeshini kwa lazima, na ukishaita vijana malaki kwa mpigo lazima uwe na pa kuwalaza, ndo ukawa ujenzi wa haraka haraka kuanzia hapo mpaka vita inaanza 1939, mji mkubwa kwa mdogo unapewa kambi yake. Wao wanaita Kaserne. Ukiziona mbili umeziona zote, majengo marefu yenye mapaa ya vigae yaliyosimama kama mgongo wa samaki, uwanja wa kwata katikati, geti la mawe, na juu ya geti tai. Nyingine ni za zamani zaidi, za enzi ya Kaiser yule yule aliyetuletea reli huku. Mabomu ya Waingereza na Wamarekani yalilamba miji na viwanda na stesheni za treni (stesheni zao sisi watu wa reli tukiangalia picha zake tunaumia), lakini kambi nyingi zilibaki zimesimama na vitanda ndani, kwa hiyo Mmarekani alivyofika hakuwa na haja ya tofali hata moja. Alifungua mlango akaingia. Akashusha tai au akamng'oa tu ile swastika, alama ya Hitler, miguuni akamwacha ndege mwenyewe, akaweka bendera yake.

Na hata siyo askari peke yao walioingia. Miaka ile ya kwanza kambi nyingi zilijaa watu waliokosa kwao, Wapolandi, Waukraine, watu wa nchi za Baltiki, Wayahudi waliotoka kwenye makambi ya mauaji, familia nzima inagawana chumba cha askari na pazia la blanketi katikati. Sisi wa Kigoma hiyo picha hatuhitaji kuchorewa. Na kama kuna mtu anadhani ukimbizi ni wa Waafrika akaulize Tengeru kule Arusha, Wapolandi kama 5,000 waliletwa Tanganyika wakati wa vita hiyo hiyo wakakaa pale, makaburi yao yapo mpaka leo.

Kilichonifurahisha mimi ni majina. Heidelberg, mji wa karibu tu na huyu mpwa wangu, kulikuwa na kambi ya mwaka 1937 inaitwa Großdeutschland, maana yake Ujerumani Kubwa, sasa fikiria Mmarekani anakaa ndani ya jina hilo. Mwaka 1948 wakaibadilisha ikawa Campbell. Huyo Campbell siyo rais wala jenerali, ni sajini tu, Charles Campbell, aliyekufa Machi 1945 vita ikiwa imebaki wiki chache. Hiyo kambi ya jina la sajini ndo ikaja kuwa makao makuu ya jeshi lote la ardhini la Marekani Ulaya, majenerali wa nyota nne wanapita getini kila siku chini ya jina la sajini, mpaka 2013 walipohamia Wiesbaden. Nuremberg vivyo hivyo, kambi kubwa mno waliyokuwa wamejengewa SS, lile jeshi la chama cha Hitler, karibu na viwanja vya mikutano ya Hitler, ikaitwa Merrell kwa jina la askari wa kawaida kabisa, Joseph Merrell, aliyeuawa nje ya mji huo huo Aprili 1945. Stuttgart kuna Kelley, sajini mwingine.

Hiyo Kelley naomba mwandishi wenu aiandike vizuri kwenye daftari lake kwa sababu inatuhusu. Ilijengwa 1938 kwa ajili ya jeshi la anga la Hitler, na leo ndo makao makuu ya AFRICOM, ile kamandi ya jeshi la Marekani inayoshughulika na Afrika, iliyoanzishwa 2007. Nchi za Afrika nyingi hazikutaka kuipa kiwanja kwa hiyo ikabaki huko huko Stuttgart. Yaani mambo ya kijeshi ya Mmarekani kuhusu bara letu yanapangwa kwenye mahanga ya Hitler, na makala nzima ya majeshi ya kigeni imeandikwa hilo halijaguswa!

Nasi tumebadilisha majina jamani, tusijione wageni. Lugalo ya Dar ilikuwa inaitwa Colito, jina la mahali Ethiopia ambako KAR, jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki, walipigana na Mtaliano Mei 1941. Ni pale Colito ndo askari walianza maasi Januari 1964 na kesho yake yakarukia kambi ya Tabora, mimi nilikuwa mtoto mdogo lakini baba yangu alikuwa Tabora kikazi akatusimulia treni zilivyokuwa zimejaa uvumi kuliko abiria. Baadaye Colito ikawa Lugalo, pale Mkwawa alipompiga Zelewski, kamanda wa Wajerumani, tarehe 17 Agosti 1891. Sasa angalia tofauti, Mmarekani alivyobadilisha jina alimweka sajini wake aliyekufa juzi, sisi tuliruka nyuma miaka sabini na kitu tukamchukua Mkwawa. Mimi nasema tulichagua vizuri zaidi ila hilo ni langu.

Haki yake mwandishi nitampa sehemu moja. Kuna kitu Wamarekani walijenga kweli, nacho ni kota za familia. Kuanzia 1946 wake na watoto waliruhusiwa kuwafuata askari, na mahanga ya Hitler hayakuwa na jiko la mama wala chumba cha mtoto, kwa hiyo miaka iliyofuata wakajenga vijiji vizima pembeni ya kambi, na hivyo vijiji ndo vikapewa majina ya watu wao maarufu wa zamani, Mark Twain, Patrick Henry, na huu wa mpwa wangu Benjamin Franklin. Shule zao, kanisa lao, sinema yao, na duka lao la jeshi la vitu bila kodi, mnakumbuka yale maduka yetu ya jeshi watu walivyokuwa wanatafuta shemeji mwanajeshi wakitaka friji? Basi ndo hivyo hivyo, Mjerumani mwenye rafiki Ami alikuwa anakunywa kahawa na kuvuta sigara wakati jirani yake anachemsha mizizi. Vita ikiwa imeisha tu sigara ya Kimarekani ilikuwa ndo hela.

Jenerali Patton, yule wa vifaru, alipata ajali ya gari Desemba 1945 Käfertal, ni huko huko upande wa mtaa anaokaa mpwa wangu, akafia hospitali ya jeshi Heidelberg siku kumi na mbili baadaye. Alipita vita yote akaja kufa kwa ajali ya barabarani kama bodaboda. Nilimwambia kijana avuke barabara kwa uangalifu.

Kuna jambo jingine halisemwi sana. Lile jeshi lilikuja kumng'oa Hitler na ubaguzi wake likiwa lenyewe limetenga weusi na weupe, vikosi mbali, mabweni mbali, na baa za mjini nazo zikagawana, huku weusi huku weupe, mweusi akikosea mlango ni ngumi. Rais Truman alitoa amri ya kuondoa ubaguzi jeshini Julai 1948, lakini Ujerumani kuchanganya vikosi kwenyewe kulianza 1952, yaani amri ilichukua miaka minne kuvuka bahari. Na pamoja na hayo askari wengi weusi waliona Ujerumani wanapumua kuliko nyumbani kwao, maana kule kusini ya Marekani mtu alikuwa haruhusiwi kukaa meza moja na mweupe na hapa Mjerumani aliyeshindwa vita anamuuzia bia na kumwita bwana. Colin Powell, huyu aliyekuja kuwa mkuu wa majeshi yao yote na waziri wa mambo ya nje, alianzia kazi huko, 1958, luteni mdogo kwenye kambi ya Gelnhausen, halafu 1986 akarudi kuongoza maelfu ya askari makao yake Frankfurt. Mwaka huo huo wa 1958 ndo Elvis Presley naye alipelekwa Ujerumani kama kuruta wa kawaida, kambi ya Friedberg, akakaa mpaka Machi 1960, wazee wenzangu wa grupu huyu ndo wanamjua, Powell hawamtaki, kila mtu na vyake.

Sasa tufike kwenye magofu. Miaka ya themanini Wamarekani walikuwa Ujerumani kama robo milioni wenye bunduki, ukiacha wake na watoto. Ukuta wa Berlin ukaanguka 1989, Mrusi akaondoa askari wake wote kufikia Agosti 1994, na huyu Mmarekani alikuwa amewekwa kumsubiri Mrusi, sasa anasubiri nini. Wakaanza kufunga geti moja moja, wimbi la kwanza miaka ya tisini na wimbi la pili baada ya 2005. Leo wamebaki kama 35,000. Msidhani Wajerumani walicheza ngoma. Kuna waliopiga kelele miaka yote Ami go home, lakini getini kulikuwa na wafagiaji, mafundi, wapishi, madereva taksi, wenye nyumba za kupangisha, wenye baa, wote hao waliamka siku moja mteja hayupo. Kasulu na Kibondo wanaijua hiyo. Mashirika yalivyokuwa yamejaa wakati wa wakimbizi chumba cha kupanga kilikuwa hakishikiki na mwenye gesti alikuwa mfalme, kambi zikipungua watu unamkuta yule mfalme anauza godoro.

Lakini walichofanya baada ya kulia ndo nataka kisomwe. Kambi ikirudishwa haiwi ya mkuu wa mkoa wala ya mtu aliyewahi kufika na kamba ya kupimia, inarudi serikali kuu, kuna wakala wake kabisa wa mali za serikali, halafu halmashauri ya mji ndo yenye neno pale pajengwe nini, na mara nyingi mji wenyewe unanunua. Kabla ya hapo wanapima udongo kwa sababu jeshi linamwaga mafuta, na kuna mahali kama Katterbach kule Ansbach povu la kuzimia moto limeingiza sumu ardhini inayowasumbua mpaka leo. Wanatafuta mabomu ya zamani. Wanakaa mikutano ya wananchi mpaka watu wanasinzia. Inachukua miaka, kumi, kumi na tano, mpwa wangu anasema kuna majumba hapo jirani bado yamefungwa madirisha na mbao, na mimi sisemi ni watakatifu. Ila mwisho wake ni huu: Würzburg kambi ya Leighton ni chuo kikuu. Frankfurt lile jengo kubwa la kampuni ya IG Farben, ambalo Eisenhower, jenerali wao mkuu Ulaya, alilifanya ofisi yake baada ya vita na jeshi lao likakaa humo mpaka 1995, ni chuo kikuu nalo. Mannheim hapo hapo, kambi ya Spinelli mwaka 2023 walifanya maonyesho ya taifa ya bustani na maua, watu wanakata tiketi kuingia mahali ambapo zamani ukisogelea uzio unaulizwa unataka nini. Jirani yake mpwa wangu, bibi wa Kijerumani wa miaka sabini na kitu, anamwambia utotoni walikuwa wanaingia Franklin bure kufuata aiskrimu, ni baada ya ile Septemba ya 2001 ndo uzio ukapanda na bunduki zikasimama getini, kwa hiyo sasa hivi akipita pale na kigari chake cha sokoni anajiona kama mtoto tena.

Na zingine zimepewa wakimbizi. Patrick Henry kule Heidelberg kuanzia 2015 ikawa kituo cha kupokelea watu, Wasiria, Waafghani, Waeritrea. Bamberg kambi ya Warner nayo hivyo hivyo. Lakini iliyonifanya niweke simu chini ni ile Merrell ya Nuremberg, ile ya SS. Mle ndani leo ndo makao makuu ya idara ya serikali yao inayoamua mkimbizi akubaliwe au arudishwe. Kila mtu anayeomba hifadhi Ujerumani, mweusi kwa mweupe, faili lake liko chini ya ofisi iliyokaa kwenye jengo ambalo mwenye nalo wa kwanza angemtoa roho. Sijui walioichagua walilifikiria hilo au walitafuta tu jengo lenye vyumba vingi, watu wa serikali mnawajua.

Huku kwetu tuliifanya kinyume. Mtabila pale Kasulu ilikuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi, ikafungwa mwisho wa 2012, na leo ni JKT. Kwao hanga la askari linakuwa la mkimbizi, kwetu ardhi ya mkimbizi imekuwa ya kuruta, nina mjukuu kapita pale mujibu wa sheria, nikamuuliza mnajua hapo palikuwa na nini, akasema babu sisi tulijua palikuwa na mahindi.

Nimeweka moja la mwisho makusudi. Kusini ya Berlin kuna mahali panaitwa Lichterfelde. Mwaka 1873 Kaiser Wilhelm wa kwanza aliweka jiwe la msingi na 1878 ikafunguliwa shule kuu ya makadeti wa Prussia, watoto wa kiume wanaingia wadogo wanatoka maafisa. Mmoja wa waliopita pale ni Paul von Lettow-Vorbeck. Ndiyo, huyo huyo aliyetuzungushia vita ya kwanza nchi nzima miaka minne, wapagazi wetu wakafa kwa maelfu na maelfu wamebeba masanduku yake na ya adui zake. Goering, yule mkubwa wa jeshi la anga la Hitler, naye kasoma hapo hapo. Shule ikafungwa baada ya wao kushindwa ile vita ya kwanza, 1933 wakaingia SS wa kumlinda Hitler, 1934 alivyowageuka wenzake wengine walipigwa risasi kwenye ukuta wa humo humo ndani, 1945 akaingia Mmarekani akapaita Andrews kwa jina la jenerali aliyekufa kwa ndege Iceland, akakaa mpaka 1994. Na tangu alipotoka pamekuwa nyaraka za taifa la Ujerumani. Mafaili ya wizara yao ya makoloni yako mle. Ya kwetu. Kodi ya kibanda, reli, Majimaji, bwana shauri wa Ujiji aliandika nini kwenda juu, yote yamekaa kwenye mahanga yale ambayo Lettow-Vorbeck alijifunzia kupiga saluti na baadaye Mmarekani akawa anachezea besiboli nje.

Mpwa wangu alipata likizo ya siku nne nikamchangia nauli kidogo, akaenda. Pale mapokezi wakamwambia kwa upole kama ni mambo ya koloni aanze mtandaoni maana mafaili mengi yameshapigwa picha na yanasomwa bure, hata ukiwa kwenu. Akanitumia linki. Mhariri, nimekaa barazani Mwanga, umeme umekatika, nafungua kwa simu faili la mwaka elfu moja mia tisa na ngapi huko, mwandiko wa mkono umelala kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe, mpwa wangu kamwonyesha yule bibi jirani naye kashindwa, kumbe ni aina ya mwandiko wa zamani ambayo Wajerumani wenyewe wa leo lazima wasomee. Nikapekua kurasa arobaini na kitu. Neno nililosoma ni moja tu, Udjidji. Wameiandika hivyo, na d mbili mbele ya j zote. Nikaliangalia mpaka simu ikazima chaji.

Asubuhi yake nilishuka mjini nikasimama mbele ya stesheni yetu. Jengo hilo nimefanya kazi ndani yake miaka ishirini na sita. Reli ilifika Kigoma Februari 1914, ikatumika kwa raha ya Mjerumani miaka miwili na nusu, Julai 1916 akaingia Mbelgiji, na Mbelgiji alivyompisha Mwingereza bado hakuondoka kabisa, alipewa kipande cha bandari hapa na Dar kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, milele, wakaita Belbase, mpaka tulivyopata uhuru Mwalimu akakataa kuitambua. Hiyo nayo ilikuwa ni ya kigeni kwenye ardhi yetu, mwandishi wenu angeianzia hiyo. Wakati nimesimama wakapita wanafunzi wa sekondari na yunifomu zao, nikawasimamisha nikawauliza nani kajenga hili. Wakaangaliana. Mmoja akasema Wachina. Sikumgombeza, anawaona Wachina wanajenga SGR kila siku, kajibu kwa macho yake. Lakini aangalie nini kingine? Mimi ukutani pale sijawahi kuona maandishi yanayomwambia Mjerumani alisimamia, Wanyamwezi na Waha na wengine walibeba, Mbelgiji alikaa, Mwingereza alikaa, na karani fulani alikata tiketi za daraja la tatu mpaka mgongo ukapinda. Kule Wajerumani wana aibu kubwa ya kuandika kuliko sisi, SS, Hitler, na bado mpwa wangu anasema ukienda Nuremberg jengo lile la SS linasomwa lilikuwa nini, halijapakwa rangi likasahaulika. Sisi ambao hatukufanya kosa lolote ndo tumeacha ukuta mtupu.

Kwa hiyo maombi yangu ni mawili. La kwanza kwa wahusika wa Kigoma, kibao. Siyo mnara, siyo kamati ya mnara yenye posho, kibao cha bati pale stesheni na kingine Mtabila njia panda, mistari sita ya Kiswahili. Mimi nipo tayari kuandika hiyo mistari bure na fundi wa kuchora mabango yupo Mwanga sokoni, rangi tutachangishana kwenye grupu la wastaafu.

La pili ni kwenu, mrekebishe ile makala. Nimetuma kwenye namba yenu ya gazeti picha aliyopiga mpwa wangu pale getini Lichterfelde, kuna kiwingu kidogo na kidole chake kimeingia pembeni lakini geti linaonekana. Mkiitoa, chini yake msiandike kambi ya zamani ya Wamarekani mkaishia hapo. Anzeni na 1878.

Karani mstaafu wa reli,
Mwanga, Kigoma